Nusu Lita

Miaka thelathini na mmoja nilitunza majalada
masjala ya ardhi, hapa hapa Dodoma,
nikajua hakuna kiwanja kisicho na wenyewe wawili
wala jalada lisilo na ukurasa uliotoroka.
Siku ya kuniaga walinipa saa ya ukutani
na glasi sita za maji.
"Mama Ndahani," mhasibu akasema, "sasa ukapumzike."
Miezi saba baadaye
figo zangu ndizo zilizomtii.

Jumanne, Alhamisi, Jumamosi,
saa moja kasorobo asubuhi, kiti cha dirishani.
Muuguzi Mwaluko anatafuta mshipa
kama mtu anayepapasa swichi gizani
katika nyumba ya jirani.
Damu inatoka, inazunguka, inaoshwa,
inarudi na ubaridi kidogo.
Kwa saa nne mkono wa kushoto ni wa mashine.
Wa kulia hakuna aliyeuomba.

Nilianzia nyuma ya kadi ya kliniki:
Maiti ilikutwa ndani ya kisima kilichokauka tangu Juni.
Daktari alipoipasua, mapafu yalikuwa yamejaa maji.
Sentensi mbili. Nikazitazama
kama wageni niliowakuta sebuleni
na sijui nani kawafungulia mlango.
Nani anakufa maji
mahali ambapo ng'ombe hulamba umande?
Sikujua.
Ilibidi niendelee ili nijue.

Mimi nimepimiwa nusu lita kwa siku,
chai humo, mchuzi humo,
hata mlenda nao unahesabiwa.
Upepo wa Agosti ukija na vumbi lake
nafyonza kipande cha barafu
polepole, kama mtu anayelipa deni.
Kwa hiyo mpelelezi wangu, Sajini Matika,
anakunywa.
Kila sura. Anasimama kwenye bomba la stesheni,
analifungua lote,
maji yanamwagika kidevuni, kifuani, hadi kwenye viatu,
wala hajifuti.
Yusta, mwanangu anayenichapia usiku,
akauliza, "Mama, huyu askari ana kisukari?"
Sikupunguza hata tone.

Watu husema, sitini na mitatu, mbona hukuanza mapema?
Mapema nilikuwa na kazi
ya kutunza siri za watu.

Sura ya kumi na moja ina kurasa nne tu.
Ndani yake imo Machi nzima:
homa, wodi, presha iliyoshuka hadi dari likawa mto,
na herufi k niliyoiandika mara ishirini
bila kujua nilitaka neno gani.
Msomaji hataiona Machi.
Ataona Sajini amepanda baiskeli,
amefika Hombolo jioni, amechoka.

Kiti cha pili ni cha Mzee Chilewa,
aliyekamua zabibu za watu maisha yake yote.
Namsomea. Anafumba macho kama hakimu.
Siku moja akayafumbua:
"Muuaji ni mganga wa zahanati."
Alikuwa sahihi.
Usiku ule, miguu ikinikakamaa,
nilimnyang'anya mganga kosa lake
nikampa karani wa masjala,
mwanamke mpole mwenye miwani, anayejua
ukurasa gani ulitoroka,
kwa sababu yeye ndiye aliyeutorosha.
Nikacheka peke yangu hadi Yusta akaja na taa.

Alhamisi iliyopita kiti cha pili kilikuwa kitupu.
Shuka limekunjwa mara nne.
Sikumuuliza Mwaluko.
Mtu anayetunga vifo
anajua kulisoma shuka lililokunjwa.
Nilihesabu mizunguko ya damu yangu
nikapotea hesabu, nikaanza upya.
Saa tatu kasoro mlango ukasukumwa:
basi la Kongwa lilipasuka tairi pale Mbande.
Vumbi hadi kwenye kope,
sindano bado haijaingia,
kaniinamia tayari:
"Kama si mganga, basi ni nani?"

Nikafunga daftari.
"Jumamosi," nikamwambia.
Akanuna kama mtoto.
Nikamwacha na kiu yake.